Gunia la Kofia na Bakora Kumi na Moja

Mtu akikwambia kuwaenzi wanajeshi wastaafu ni kazi nyepesi, "wape cheti, wape soda, piga picha," muulize yeye ameshaandaa sherehe ngapi. Mimi niliambiwa hivyo na wanakamati wanne, wote wako Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyepanda basi kuja Lamu kunishika mkono.

Sisi ni wahitimu wa chuo kimoja, watu wa Pwani. Kwa kawaida tunakula biryani mara moja kwa mwaka na kugombana kwenye WhatsApp miezi kumi na moja iliyobaki. Mwaka ule mwenyekiti akazua jambo: 14 Oktoba ni Siku ya KDF, ya kukumbuka jeshi letu lilivyoingia Somalia mwaka 2011, basi na sisi tuwaenzi wenzetu waliosoma kisha wakavaa magwanda, na waliovaa magwanda kwanza ndipo wakaja kusoma. Na ifanyike Lamu, kwa sababu vita ile Lamu iko mlangoni. Kambi ya Manda ilishambuliwa Januari 2020, na msitu wa Boni una operesheni tangu 2015. Hapo sikuwa na la kubisha. Nilibisha nilipoona jina langu limeandikwa "mratibu".

Orodha niliyotumiwa ilikuwa na majina matatu, mmoja amekwisha kufa. Nikaambiwa niweke tangazo. Nikaweka, wiki mbili, kimya. Askari mstaafu hajitangazi, huku kwetu ndiyo kabisa. Mtu aliyerudi kutoka Kismayu hataki kila abiria wa mashua ajue alikuwa wapi.

Ujanja nikaupata kwa bahati. Siku moja nimetoka kuswali alfajiri nikamwona mzee anatembea ufuoni, kifua mbele, mikono inapiga saa, hata punda wanampisha. Nikajiambia, saa kumi na moja na nusu mwenye kutembea hivi Lamu ni mtalii au ni mwanajeshi, na huyu mtalii si yeye. Nikamfuata. Alinisikia nyuma yake kabla sijafika.

"Ndoo hapa mbele nikuone," akasema kwa Kiamu bila kugeuka.

Huyo ndiye Ami. Namwita hivyo tu, jina lake mwenyewe hapendi liandikwe. Alikuwa mwanafunzi pale chuoni mwaka 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali tarehe mosi Agosti. Chuo kikafungwa zaidi ya mwaka. Akarudi Lamu, akakaa barazani hadi mama yake akamchoka. "Wanajeshi walinifungia chuo," huwa anasema, "nikaenda kuwauliza kwa nini, wakaniandika." Miaka ya 90 akapelekwa Yugoslavia ya zamani na kikosi cha Kenya chini ya Umoja wa Mataifa. Mtoto wa Langoni, mtaa wa Lamu, theluji inamwangukia kama pamba ya msufi, na ndani ya buti amevaa soksi tatu. Kupitia kwake nikawapata wengine mmoja mmoja, hadi wakafika kumi na mmoja. Mmoja ni mama, muuguzi wa jeshi mstaafu. Nilimpata kupitia binti yake, kwa maana yeye mwenyewe alinijibu mara mbili kwamba nimekosea nambari.

Sasa kofia.

Kamati iliamua kila mgeni avae kofia ya kombati, ile ya madoa ya kijani, "ipendeze kwenye picha". Ziwe thelathini. Nilimpata fundi Mombasa, akanitoza elfu tisa na ushei pamoja na maandishi ya uzi. Maandishi yalichaguliwa na kamati kwa kura: HATUTAWASAHAU. Nikazitia kwenye gunia la mchele, nikalifunga kwa kamba, nikapanda basi.

Anayeijua njia ya Garsen hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, ameshacheka. Kwenye kizuizi kimoja tukateremshwa sote, kitambulisho mkononi, mizigo chini. Askari kijana akalipiga gunia teke dogo.

"La nani hili?"

Kimya. Mama niliyekuwa nakula naye mahamri tangu Malindi akasogea hatua mbili kutoka kwangu.

"Langu, afande."

Akafungua. Akaitoa kofia moja kwa kidole na gumba, kama mtu anayetoa panya kwenye mtungi. Akaitazama, akanitazama.

"Unampelekea nani?"

"Wanajeshi."

"Wanajeshi gani?"

"Wastaafu."

"Wako wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na kofia?"

"Thelathini."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Kisha akasoma maandishi kwa sauti, herufi kwa herufi. "Hatutawasahau. Hatutawasahau akina nani? Hivi ni vitisho?" Niliapa kwamba ni ya shukrani. Lakini soma mwenyewe neno hilo likiwa juu ya kofia ya jeshi, ndani ya gunia, kilomita chache kutoka Boni, uone kama linanuka shukrani.

Nikampigia mwenyekiti. Mteja hapatikani. Nikampigia katibu, akasema yuko kwenye mkutano atanipigia. Msafara wa magari haungoji mtu. Basi likaondoka na mabaki ya mahamri yangu, nikaachwa chini ya mkwaju na askari wawili na gunia. Nilikaa saa mbili nikielezwa jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo, kwamba sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na wengi wamelala ndani kwa suruali moja tu ya mtumba. Kamati nzima ya watu wenye shahada, mmoja wao wakili, na hakuna aliyelijua.

Mwishowe nikamkumbuka Ami. Mkubwa wa kizuizi akaichukua simu, akasogea pembeni, nikamwona anasimama wima kidogo kidogo kadiri anavyosikiliza. Akarudi anatabasamu. "Afande anasema wewe si mtu mbaya, ni mjinga tu." Sijawahi kufurahia tusi kama siku ile. Kofia zikabaki, nikaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, nikafika Mokowe jioni juu ya lori la nazi.

Zimebaki siku tisa na sina zawadi. Ami ndiye aliyesema, "Tupe bakora." Kwa fundi aliye nyuma ya soko tukapata za mtobwe, zimenyooka, zimepakwa mafuta zinang'aa. Bei sikumbuki vizuri, nadhani mia nane nane, akapunguza kidogo aliposikia ni za nani. Kila moja jina la mtu, bila cheo, maana nilipouliza vyeo kila mmoja alinijibu, "Andika jina tu." Yule mama akaniuliza, "Bakora mimi nimchape nani?" Lakini aliichukua.

Lililonitoa jasho kuliko kofia ni maji. Mmoja wa wale kumi na mmoja anatoka Mpeketoni, amerudi kutoka Somalia bila mguu wa kushoto chini ya goti. Amesomea ualimu baada ya hapo, anatembea kwa mguu wa bandia. Kamati ilikuwa imepanga saa nne asubuhi, na siku ile ilikuwa bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne, bamvua, maji yametoka kabisa, mashua iko chini na gati iko juu kama ghorofa, na ngazi zina ukoga. "Wapo mahamali, watambeba," akaandika katibu. Nikamuuliza mwenyewe kwa simu. "Mimi si gunia," akanijibu, nami magunia nilikuwa nimeshayaonja.

Basi nikahamisha sherehe nzima hadi alasiri. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, mashua inalingana na gati, mtu anavuka kama anatoka chumbani kwenda ukumbini. Nairobi walilalamika kuhusu ndege na ratiba. Nikawaambia bahari haina barua pepe. Mchana ule jamaa alishuka kwa miguu yake, mkono mmoja begani kwangu, na huo mkono nadhani aliuweka ili nisijisikie sina kazi.

Walitaka pia ukumbi wa juu ndani ya ngome ya Lamu. Ami akakataa kwa sababu yake mwenyewe. Ngome ilikuwa jela hadi 1984, na yeye amekua akisikia wafungwa mle ndani. "Nti hii nimeitumikia, halafu heshima yangu nikaipokee gerezani?" Tukatandika mikeka na viti nje, Mkunguni, chini ya miti. Fataki pia nilizipiga marufuku. Aliyezipendekeza hakuwahi kulala karibu na mtu anayeamka usiku akitafuta buti.

Hotuba zilikuwa tatu, ndefu, na zote zilisema "mashujaa wetu" hadi mama muuguzi akaanza kuhesabu kwa vidole. Aliishia kumi na saba. Kahawa ilipofika na halua, kila mtu akashusha pumzi. Kisha zumari likalia na wazee wa goma wakajipanga.

Goma si ngoma ya kurukaruka. Wanaume wanasimama safu moja, kanzu na bakora, wanainama na kuinuka polepole, hatua moja mbele, bakora inakwenda na mwili. Ami akaingia, akafuatwa na wengine. Yule wa Mpeketoni alikaa kwanza, kisha akainuka, akajitia katikati ya safu. Nilishika roho. Lakini katika goma kila mtu anaegemea bakora, kila mtu anachechemea kidogo. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama na sinia la vikombe, niliitazama miguu yote chini ya zile kanzu na sikuweza kujua ni upi.

Kabla ya saa kumi na mbili tuliwawahisha gatini, maji yasije yakatuacha.

Hesabu zilifungwa mwezi uliofuata, isipokuwa jambo moja. Mweka hazina mpaka leo ananidai kofia thelathini au risiti ya kuzirudisha. Nimempa namba ya OB, apande basi akazichukue mwenyewe.