Akiki Chini ya Msumeno

Nilipokuwa nasoma jiolojia, mahali nilipopapenda kuliko pote ni chumba cha nyuma ya maabara, penye msumeno wa almasi. Mzee aliyeuendesha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alasiri moja alinikabidhi jiwe la ukubwa wa ngumi, la kijivu, limejaa vishimo. "Hili limezaliwa ndani ya kiputo, kijana."

Habari ya viputo tulishafundishwa. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka wa volkano, hutoka ardhini na gesi yake. Ikiganda kabla gesi haijatoroka, mwamba wake mweusi, basalti, hubaki na matundu. Baadaye maji hupenya mwambani yakiwa na silika iliyoyeyuka, ile ile inayojenga chembe nyingi za mchanga, nayo silika hujibandika kwenye kuta za tundu, utando juu ya utando, hadi kuwa jiwe la mistari liitwalo akiki. Basalti ikioza, akiki husalia, kwani haiozi upesi, na hata kisu cha chuma hakiikwaruzi.

Msumeno ulilia kwa muda mrefu, maji ya kupozea yakichuruzika tope. Vipande vilipoachana, niliona ngozi nyembamba ya kijani, kisha mistari myeupe, ya samawati, na myekundu ya oksidi ya chuma, yote ikifuata kila kona ya ukuta. Katikati, fuwele za kwatzi, yaani silika yenye umbo la fuwele, zilielekeza ncha zake kwenye uwazi mdogo uliobaki.

"Tabaka lipi ni kongwe?"

La pembeni, nikamjibu. Fuwele za katikati ndizo kitinda mimba.

Upande mmoja, hata hivyo, mistari ilikuwa imenyooka, haifuati ukuta. Mzee akakizungusha kipande mpaka ikawa sambamba na meza. "Hivi ndivyo lilivyolala mwambani." Silika ilikuwa imetua chini kwa uzito wake! Darasani sikuwahi kufurahi namna ile.

"Sasa mzee, ukuta ukishazibwa na tabaka la kwanza, maji yanapitia wapi?"

"Waulize maprofesa wako. Hawajamaliza kubishana."

Tulisaga kipande hadi unene wa milimita 0.03, tukakitazama kwa hadubini. Kila mstari ulikuwa msitu wa nyuzi za kwatzi zilizoelekea ndani, zikikatiza matabaka. Kati ya nyuzi hizo mna matundu madogo mno, na ndiyo maana mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, wameweza kuitia akiki rangi tangu karne ya 19. Rangi ikipenya, mimi naona maji nayo yalipenya, ingawa kwa kasi gani, na kwa nini yakaacha mistari badala ya donge moja, hapo maprofesa wana haki ya kubishana.