Ninavyofunga kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari

Kabla ya kukitazama kidonda chenyewe, huwa naitazama bandeji inayotoka. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ikiwa imekauka na kugandia kwenye nyama, maana yake imenyonya kupita kiasi au imekaa mno. Ikiwa imelowa hadi nje na ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na kukunjamana, imezidiwa na majimaji. Ikiwa imesagika upande mmoja tu, hapo siulizi sana: mgonjwa anakanyagia kidonda.

Gozi iliyogandia siivuti. Naimwagia maji ya chumvi, nasubiri dakika chache, ndipo naibandua taratibu. Mguu ukishakufa ganzi mgonjwa halalamiki, kwa hiyo ni rahisi kuivuta kwa pupa ukang'oa nyama changa nyekundu iliyokuwa inaota, na kidonda kikarudi nyuma.

Kuosha natumia maji ya chumvi ya hospitali, ya asilimia 0.9. Yasipopatikana, naelekeza nyumbani wachemshe lita moja ya maji, watie chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa, yaani karibu gramu 9, wafunike yapoe, na yakilala siku moja yamwagwe. Nayapiga kwa sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, ili mkondo ufike kwenye mifuko iliyojificha chini ya kingo. Spiriti, Dettol na dawa ya kutoa povu siviweki ndani ya kidonda. Vinaua vijidudu, kweli, lakini vinaua pia chembe zinazojenga nyama mpya. Iodini naitumia kwa muda mfupi pale penye uchafu mwingi, si kila siku kwa miezi.

Baada ya kuosha nagusa mapigo sehemu mbili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo cha ndani. Nikiyakosa sikati kitu. Kwanza ajulikane damu inafikaje. Yakiwepo, nakata sugu yote inayozunguka kidonda kwa wembe wa upasuaji hadi ngozi laini. Kazi hii wengi wanairuka, na ndiyo inayobadilisha mambo: sugu ni ngumu, kila hatua inaukandamiza mguu kama kokoto iliyo ndani ya kiatu, na mara nyingi inafunika shimo kubwa kuliko linaloonekana. Mwisho nachokoa taratibu kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa na kutakaswa. Kikigonga kitu kigumu, huenda ni mfupa, na mfupa ukishaambukizwa hakuna bandeji itakayouponya. Huyo anahitaji picha ya eksirei na daktari.

Sasa bandeji yenyewe. Watu huniuliza ipi ni bora, nami huwauliza kidonda kinatoa maji kiasi gani. Kinachotoa kidogo nakiwekea gozi yenye parafini (mafuta ya mgando, si mafuta ya taa), ambayo haigandi, kisha gozi kavu juu yake. Kinachotoa maji mengi kinataka sponji maalumu ya vidonda au aljineti, ile inayotengenezwa kwa mwani na kugeuka ute inapolowa. Usiweke aljineti kwenye kidonda kikavu, itakikausha zaidi. Shimo refu nalijaza gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, bila kushindilia. Ukishindilia, mishipa midogo ya damu ya kingo inabanwa. Mkia wa gozi nauacha nje ili kipande kisisahaulike ndani.

Asali na bandeji za madini ya fedha zinasifiwa sana. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ya mwaka 2023 inashauri zisitumiwe kwa lengo la kuponyesha vidonda hivi, kwa kuwa ushahidi haujatosha. Kwangu hiyo ni nafuu: mgonjwa abaki na hela yake ya nauli na viatu.

Kingo za kidonda nazipaka mafuta ya mgando au krimu ya zinki, zisiloane. Bandeji naifunga kuanzia karibu na vidole kupanda juu, kidole changu kipite chini yake bila kulazimisha. Plasta siizungushi kidole cha mguu hata siku moja: mguu ukivimba usiku inageuka kitanzi. Na chini ya unyayo sijazi pamba nene. Inaonekana ni huruma, kumbe kinundu hicho kinaongeza shinikizo palepale tunapotaka lipungue.

Shinikizo ndilo jambo lenyewe. Kwa kidonda cha unyayo, plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika, inayofika chini ya goti, ambayo mgonjwa hawezi kuivua, inashinda viatu vyote, ilimradi damu inafika na hakuna maambukizi makali. Isipopatikana, nakata felti nene, yaani kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, kwa umbo la kiatu cha farasi, uwazi ukielekea mbele, naibandika kwenye ngozi isiyo na jeraha iliyo nyuma ya kidonda. Siikati duara lenye tundu katikati, kwa sababu kingo za tundu zinabana na nyama inavimba ndani yake. Kandambili hapana.

Bandeji inabadilishwa inapolowa, si kwa kufuata kalenda: ya gozi kwa kawaida kila siku, ya sponji inaweza kukaa siku mbili au tatu. Kila wiki napima urefu na upana kwa rula. Kidonda cha sentimita 3 kwa 2 kina eneo la sentimita za mraba 6. Wiki ya nne likiwa bado liko juu ya 3, yaani halijapungua nusu, sibadilishi chapa ya bandeji, natafuta upya damu, mfupa na shinikizo.

Nyumbani alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Panya huuma miguu yenye ganzi usiku bila mwenyewe kuamka, na visa vya aina hiyo vimeandikwa kitabibu Dar es Salaam. Wekundu ukipita sentimita 2 kutoka kwenye ukingo, harufu ikibadilika ghafla, homa ikija au sukari ikapanda bila sababu, asisubiri siku ya kliniki. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi kisiloweshwe wala kupakwa mafuta: gozi kavu tu, na safari ya hospitali siku hiyohiyo.