Jogoo Yuko Kisanduku Gani?

Nilipotafuta namna ya kufundisha uandishi kwa katuni, mwenzangu mmoja idarani aliniambia kwa kujiamini: "Waambie wachore katuni zao wenyewe, uandishi utakuja tu." Haukuja. Darasa zima lilishinda likipaka rangi. Kijana mmoja wa usanifu majengo alichora KICC, lile jumba la mikutano jijini Nairobi, na madirisha yake yote, kisha akaandika chini: "Hili ni jengo." Basi.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hawakosi maneno. Wamekaririshwa insha tangu shule ya msingi, kwa hiyo hata kisa cha mtu aliyeporwa simu barabara ya Tom Mboya, katikati ya Nairobi, saa tisa alasiri huanza na majogoo kuwika.

Nikageukia magazeti makuukuu. Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau zilizokuwa zikitoka Taifa Leo, ananifaa sana: visanduku vichache vya picha, kisa kizima. Katuni za kisiasa za mchoraji Gado nazipenda mno, lakini nyingi ni picha moja, na mzaha wake unadai ujue habari za wiki ile. Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza 2010, naitumia kwa mazungumzo, kwa sababu ya Sheng yake, lugha ya mitaani.

Nilifuta maneno ya wahusika kwenye viputo kwa wino mweupe, nikapiga fotokopi, nikakatakata, nikachanganya vipande ndani ya bahasha. Gharama haikufika bei ya chakula cha mchana mjini. Kundi la kwanza linaona katuni nzima na kuandika kisa. Kundi la pili linapewa maandishi hayo na bahasha, lipange visanduku kwa kusoma tu. Wakipanga vibaya, lawama ni ya mwandishi, na hana ruhusa ya kujieleza.

Kundi la pili lilisoma "Majogoo waliwika" likaanza kupekua bahasha. Wakainama chini ya meza. Mwisho msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kisanduku cha jogoo kimepotea." Waandishi wake walitamani ardhi iwameze! Jogoo huyo sikumwona tena muhula ule.

Kisha ikaja "Alimwona akamkimbia." Nani alimkimbia nani? Wasomaji wakapanga mbwa akimtoroka mzee, kumbe mzee ndiye aliyetimua mbio. Nilikuwa nimehubiri kuhusu utata wa viambishi wiki nzima bila kusikilizwa. Hapa walisahihishana wenyewe, kwa kelele.

Ukijaribu, usiandike namba nyuma ya vipande ili ukumbuke mpangilio. Hao ni wanafunzi wa chuo kikuu, watageuza tu. Weka nakala nzima mkobani.