Mfarishi wa Kipupwe

Tangu wiki ya pili ya mwezi Juni nimekuwa nikijifunika mablanketi mawili, na juzi usiku nikaongeza la tatu. Nyumba yetu iko juu kidogo ya mji wa Lushoto, ambao wenyewe umekaa kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi kukaribia nyuzi 10. Ndugu zangu waliobaki Tanga mjini hunicheka ninapowasimulia, kwa kuwa kwao kipupwe ni majira ya kuipumzisha feni. Kwangu ni majira ya kushona. Masika yamekwisha, maharage yamevunwa, yamepurwa na kuanikwa, bustani haidai mengi. Basi cherehani inatolewa chumbani na kuwekwa kando ya dirisha la mashariki, mahali ambapo mwanga hufika kwanza ukungu ukishainuka.

Ninashona mifarishi. Vijana wengi hawalijui tena neno hili, na fundi mmoja wa gulioni aliwahi kuniuliza kama mfarishi ni aina ya mfariji. Mfarishi wa nyumbani kwetu, yaani shuka nene ya kujifunika kitandani, una tabaka tatu: juu ni viraka vilivyoungwa, chini ni kitambaa kimoja kipana, na katikati ni kitu kizito cha kutia joto. Tabaka hizo hupigwa bandi kwanza ili zisihamehame, kisha hudariziwa pamoja kwa mkono, mstari baada ya mstari, na hapo ndipo siku zinapokwenda. Kuunga viraka kwa cherehani ni kazi ya wiki mbili au tatu. Kudarizi hunila kipupwe kizima, na mwaka jana kulinila kipupwe chote bila kumaliza.

Mfarishi wangu wa kwanza niliujaza sufi. Huku milimani misufi haistawi, lakini kule chini, ukishuka ile barabara ya kona ya kilomita 33 hadi Mombo, sufi hupatikana, nami nilikuwa nimelalia magodoro na mito ya sufi tangu utoto, kwa hiyo sikuona sababu ya kutafuta kitu kingine. Mfarishi ulitoka mwepesi na wenye joto, nikauonyesha kwa kila mgeni aliyebisha hodi. Kisha nikaufua. Sufi ilijikusanya kwenye pembe moja kama kuku waliokimbia mvua, mahali pengine pakabaki kitambaa kitupu, na hata baada ya kuuanika siku nne bado ulikuwa na harufu ya uvundo. Sufi inafaa ndani ya godoro ambalo halitiwi majini. Siku hizi katikati naweka blanketi kuukuu ambalo limeshafuliwa mara nyingi hivi kwamba haliwezi tena kurudi wala kujikunja, na sijapata tatizo.

Viraka vyenyewe hutoka kwa mafundi wa mjini, ambao hunihifadhia masalia ya vitenge kwenye salfeti, nami huwapelekea karoti au kabichi. Nikifika nyumbani humwaga yote sakafuni na kuchambua. Vitambaa vya nailoni na satini navitoa bila huruma, hata viwe na rangi ya kupendeza namna gani, kwa sababu huteleza chini ya sindano na huungua pasi ya mkaa inapokuwa na moto kidogo tu kupita kiasi. Pamba inayobaki huilowesha usiku kucha ili dondo litoke, na ili kinachochuja kichuje kabla hakijakaa karibu na cheupe, na kinachorudi kirudi kabla hakijapimwa. Halafu hukata miraba ya sentimita 14, ambayo baada ya mshono kula sentimita moja kila upande hubaki 12. Kitanda chetu kinahitaji safu 18 zenye viraka 15 kila moja, yaani viraka 270.

Kanga ni suala jingine. Marehemu mama aliniachia sanduku la kanga zilizochakaa, na kwa miaka miwili sikuthubutu kuzikata. Nilipoamua, nilijiwekea sharti kwamba nitakata mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo tu, na jina, yale maandishi yake, nitaliacha zima. Sharti hilo halikudumu hata siku moja, kwa kuwa kanga iliyochakaa huchakaa inavyotaka yenyewe, na mara nyingi sehemu nzima iliyobaki ilikuwa nusu ya jina. Kwa hiyo kwenye mfarishi wa sasa kuna mahali “Mgeni njoo” imekutana na “haiozi”, ambayo ilikuwa ya “Akiba haiozi”, na mahali pengine panasomeka “Usisafirie mwenyeji apone”. Mjukuu wangu anayejifunza kusoma huja kila jioni kutafuta sentensi mpya, na hucheka hadi kikohozi.

Bustani nayo ina amri zake. Asubuhi, kabla ukungu haujapanda, huwa humo kwa saa moja hivi: kupunguza karoti, kurudishia matandazo, kunyunyiza majivu kwenye majani ya kabichi yaliyopata vidukari. Kabichi na karoti hupenda baridi hii kuliko mimi. Tatizo ni mikono. Udongo wetu mwekundu huingia kwenye mistari ya vidole na hautoki kwa sabuni peke yake, na ngozi iliyopasuka hunasa nyuzi za kitambaa kila unapokigusa. Nimezoea kujisugua kwa limau na sukari, kisha kujipaka mafuta ya nazi na kungoja yakauke huku chai ikichemka. Baada ya hapo sigusi jembe tena hadi kesho yake, hata nikiona kuku wa jirani kwenye tuta. Humpigia kelele kupitia dirishani.

Nilipohamia huku baada ya kustaafu ualimu, sikuwa nimejua kwamba majira ndiyo yanayopanga ratiba. Mwaka wa kwanza nilipandikiza miche ya nyanya mwezi Aprili, mahali pa wazi. Bibi jirani yetu alipita na mzigo wake wa kuni, nikamwamkia, akasimama akitazama.

“Mwanangu, nyanya za masika ni za mwenye kibanda.”

“Nitapiga dawa, Bibi.”

“Haya, piga.”

Haikupita hata wiki tatu. Majani yalipata madoa yenye majimaji, yakawa ya kahawia, na kabla sijamaliza kuulizauliza tuta zima lilikuwa limeungua kama lililomwagiwa maji ya moto. Hiyo ndiyo bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na unyevu, navyo Aprili huku huvigawa bila kipimo. Sasa nyanya hupandikizwa mwishoni mwa Desemba, vuli inapoisha, zikanyweshwa kwa ndoo wakati wa kiangazi, na kuvunwa kabla masika hayajashika. Bibi hajawahi kunikumbusha maneno yake, nami namshukuru kwa hilo.

Vipande vidogo mno kuwa viraka huwa vifuko vya mbegu. Mbegu za maharage zikishakauka juani na kuchanganywa na majivu kuzuia fukusi, huzitia humo, na mimi huzitambua kwa kitambaa: samaki wa buluu ni maharage ya njano, korosho nyekundu ni mbegu za mnavu. Mwaka juzi nilisahau ni nani alikuwa nani, nikasia mnavu kwenye tuta la giligilani. Tulikula mnavu hadi tukachoka.

Dirishani, kando ya cherehani, kuna chungu cha ua la zambarau lenye majani ya manyoya. Ua hili ni la milima yetu hii ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limezaliana kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa jani moja lililochomekwa udongoni hutoa mche. Langu nililinunua Dar es Salaam, kwenye bustani ya kuuza maua, nikalirudisha kwao kwa basi, kwenye mapaja.

Leo nimedarizi hadi safu ya kumi na moja. Nilikuwa katikati ya kile kiraka cha “haiozi” mchoo ulipoanza kunyunyiza juu ya bati, mvua nyepesi isiyo na haraka, na nikakumbuka kwamba miche ya vitunguu kitaluni inangoja siku ya namna hii ili ihamishwe. Nimeichomeka sindano hapohapo kwenye kitambaa, nikaivua kastabini, nikaenda kutafuta mabuti.