Sikio linalotoa usaha: kausha kwanza, dawa baadaye

Huku Kigoma sikio la mtoto linalotoa usaha huzoeleka haraka. "Ana sikio tangu mdogo," husema mama, na kwa kuwa haliumi tena, linaachwa. Lakini sikio sugu kwa kawaida haliumi. Maumivu makali ni ya mwanzoni, usaha unapojaa nyuma ya ngoma ya sikio. Ngoma ikitoboka, presha inashuka na mtoto analala. Usaha ukiendelea kutoka kwenye tundu hilo kwa wiki 2 au zaidi, Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa ugonjwa sugu.

Wengi hununua dawa ya matone, wakaweka siku kadhaa, wasione nafuu. Mara nyingi dawa haina kosa: imeelea juu ya usaha, haikufika panapougua. Kata kipande cha kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa kikakauka (khanga kuukuu inafaa, kitenge kigumu hapana), kisokote kiwe utambi wenye ncha. Vuta sikio juu na nyuma, ingiza utambi taratibu bila kulazimisha, uache unyonye kwa dakika moja hivi, utoe, utupe. Weka mwingine, na mwingine, mpaka utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Karatasi ya chooni inalowa na kukatikia ndani. Vijiti vya pamba vya dukani vinasukuma uchafu mbele.

Sasa weka matone. Yanayopendekezwa ni ya jamii ya siprofloksasini, mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Idadi ya matone atakwambia aliyekuandikia. Shika chupa kiganjani dakika chache kwanza, maana dawa baridi humletea mgonjwa kizunguzungu papo hapo. Alale sikio likiwa juu. Ukishadondosha, bonyeza mara kadhaa kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, ili dawa isukumwe ndani, kisha abaki hivyo hivyo dakika chache. Akilalamika kwamba anasikia uchungu wa dawa kooni, furahi: imepita kwenye tundu la ngoma na kushuka kwenye mrija unaounganisha sikio na koo. Matone ya jentamisini usiyachukue dukani kwa kukisia. Ngoma ikiwa imetoboka, yanaweza kufika sikio la ndani na kuharibu usikivu wenyewe. Mawese ya moto, maziwa ya mama na juisi ya majani havina kazi humo. Na usivushe wiki 2 kwa uamuzi wako: dawa ya bakteria ikikaa mno hukaribisha fangasi, sikio likaanza kuwasha.

Kuhusu kusikia: ngoma yenye tundu haitikisiki vizuri, na usaha wa miaka unaweza kula vile vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Hapo upotevu unaweza kufika desibeli 60, yaani maongezi ya kawaida yanakuwa mnong'ono wa mbali. Mtoto huyu huitwa mkaidi. Ukimwita ukiwa nyuma yake hageuki. Ukimtazama usoni anajibu. Kama sikio bovu ni moja, mwambie afunge mdomo na avumishe "mmm" mfululizo. Sauti ikielemea upande mbovu, kwa kawaida hitilafu ni ya kupitisha sauti, na hiyo mara nyingi hurekebishika. Ikielemea upande mzima, huenda sikio la ndani limeguswa. Jibu kamili litatoka kwenye kipimo cha usikivu.

Uvimbe nyuma ya sikio, mdomo kupinda, kizunguzungu, homa na kichwa kikali au shingo kukakamaa: hospitali siku hiyo hiyo. Usaha kidogo unaonuka vibaya mfululizo nao unataka mtaalamu, kwani huenda ngozi imejikusanya ndani na inakula mfupa. Hiyo haiponi kwa matone, ni upasuaji.

Tundu lisiloziba huweza kuzibwa kwa utando unaochukuliwa juu ya sikio, lakini sikio lazima liwe limekaa kavu kwanza. Kwa hiyo kupiga mbizi Tanganyika kusimame, na wakati wa kuoga weka pamba iliyopakwa vaselini, itolewe mara akimaliza. Ukisubiri rufaa ya hospitali ya kanda kama Bugando, mwambie mwalimu amkalishe mbele, sikio zima likielekea ubaoni.