Mmea Mmoja, Ukurasa Mmoja: Nilivyoandaa Vipindi vya Umma Katika Maktaba ya Mimea

Watu wengi wanaotembelea bustani ya mimea hawajui kwamba ndani yake mna maktaba, na wanaojua hudhani hawaruhusiwi kuingia. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa vipindi vya umma, wasomaji wetu walikuwa watafiti wachache waliokuja kuhakiki majina ya mimea. Nje, familia nzima zilipita karibu na mlango wetu zikienda kupiga picha maua. Jambo hilo liliniuma, maana maua yaleyale waliyoyapiga picha yalikuwa kwenye rafu zetu, yamechorwa na watu waliotumia maisha yao yote kuyatazama.

Wazo la kwanza lililoletwa mezani lilikuwa maonyesho makubwa: makabati ya vioo, vitabu vingi vya thamani, maelezo marefu ukutani. Sikuliafiki. Mtu akipita mbele ya vitabu vingi vilivyofunuliwa, anatoka akikumbuka kwamba ameona vitabu vya zamani, basi. Tena vitabu vya mimea havikuandikwa ili vitazamwe kupitia kioo. Viliandikwa ili msomaji aufikie mmea, autambue, ajue unafaa nini na una hatari gani. Nikapendekeza kila kipindi kiwe na mmea mmoja ulio hai bustanini, ukurasa mmoja wenye picha yake, na kisa kimoja cha watu walioujua mmea huo. Wenzangu waliona ni kidogo mno. Niliwaomba tujaribu.

Nilianza na mahindi kwa makusudi, kwa sababu ni mmea ambao kila mtu anaamini anaujua. Mwaka 1542 daktari wa Kijerumani, Leonhart Fuchs, alichapisha De historia stirpium, kitabu chenye picha zaidi ya 500 za mimea zilizochongwa kwenye mbao. Mahindi yamo, na yameitwa nafaka ya Kituruki, ingawa asili yake ni Amerika na wakati huo yalikuwa yamevuka bahari kwa muda wa nusu karne tu. Tulikuwa na nakala iliyochapishwa upya, kwa hiyo watu waliweza kuishika. Kando yake niliweka mhindi mzima uliong'olewa na mizizi yake. Sikueleza chochote. Niliwaomba watazame mmea, kisha picha, kisha mmea tena, waseme wanaona nini. Mtoto mmoja ndiye aliyeuliza mchoraji alikuwa nani, nami nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu Fuchs alifanya jambo ambalo waandishi wachache wa enzi yake walilifanya: aliwaweka mafundi wake kitabuni kwa sura na majina. Albrecht Meyer anachora mmea ulio mbele yake, Heinrich Füllmaurer anahamishia mchoro kwenye ubao, na Veit Rudolf Speckle ndiye mchongaji. Tulimalizia saa nzima kwenye ukurasa huo wa mafundi watatu. Kuanzia siku hiyo, swali la nani alichora, nani alichonga na nani alipaka rangi likawa sehemu ya kila kipindi.

Kwa mfano, mchoraji Elizabeth Blackwell alifanya kazi zote tatu peke yake. Mumewe akiwa kifungoni kwa sababu ya madeni, alihamia karibu na bustani ya dawa ya Chelsea, London, akachora, akachonga mabamba ya shaba na kupaka rangi kwa mkono picha 500 zilizotolewa kwa mafungu kati ya mwaka 1737 na 1739. Fedha alizopata zilimtoa mumewe kifungoni.

Kipindi kilichonifunza zaidi ni cha mnyonyore, ule mti mdogo wa maua mekundu yenye kingo za njano ambao wataalamu wanauita Caesalpinia pulcherrima. Unapandwa katika bustani nyingi za nchi za joto, na watu huupita bila kuuliza. Ukurasa niliouchagua ni wa Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alisafiri hadi Suriname, wakati huo koloni la Waholanzi, pamoja na binti yake Dorothea Maria. Hakutumwa na mfalme. Aliuza michoro yake kugharamia safari. Kitabu chake kilichapishwa Amsterdam mwaka 1705, kikiwa na mabamba 60 yanayoonyesha kiwavi, bundo na kipepeo pamoja na mmea wanaoutegemea.

Picha ya mnyonyore inavutia macho mara moja. Maandishi yake ni mazito. Merian anaeleza kwamba wanawake waliokuwa watumwa, wenyeji wa huko na Waafrika, walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na anasema walimweleza wenyewe.

Baadhi ya wenzangu walisema habari hiyo haifai siku ambayo watu wamekuja kupumzika. Nilisikiliza, lakini nilisimama kwenye msimamo wangu: kuonyesha ua na kuficha aya iliyo kando yake ni kuwanyamazisha wanawake wale mara ya pili. Tulichofanya ni kukipanga kwa heshima. Tangazo lilisema wazi mada ni nini na kwamba ni ya watu wazima. Tuliutazama mmea nje kwanza, bila haraka, kila mtu akihesabu petali na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Kisha tuliingia chumba cha kusomea, watu wakaketi, nikaisoma aya yote polepole, sikukatisha wala kuongeza neno. Sikuweka muziki, sikuweka picha za ukutani. Niliacha nafasi ya kutosha baada ya kusoma, na hapo ndipo mama mmoja aliponiuliza, "Na hao wanawake, majina yao yako wapi?"

Kitabu hakiwataji. Nilimjibu hivyo hivyo. Naliona swali lile kuwa tunda kubwa kuliko mhadhara wowote ambao ningeweza kuutoa, na ndilo lililochagua mmea wa kipindi kilichofuata.

Nilichagua vanila, kwa sababu hapo jina lipo. Vanila ni okidi yenye asili ya Meksiko. Ilipopelekwa sehemu nyingine za dunia ilitoa maua lakini karibu haikuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuichavusha hawakuwepo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond, alionyesha njia ya kuichavusha kwa mkono: kwa kijiti chembamba unainua kiwambo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha kwa kidole gumba unabana chavua mahali pake. Njia hiyo bado inatumika. Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, ilhali wengine walitajirika kwa zao lile.

Ugumu wa kipindi hiki ulitoka kwa ua lenyewe. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, kwa hiyo huwezi kupanga tarehe miezi miwili kabla. Niliandikisha majina na namba za simu za waliotaka kuja, nikatangaza majuma ya msimu bila siku maalumu. Mtunza bustani wa nyumba ya vioo alikuwa ananiarifu jioni machipukizi yanapovimba, nami ninapiga simu usiku. Walikuja asubuhi na mapema, wengine wakiwa njiani kwenda kazini. Mzee yule wa bustani, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga maktaba, alichavusha ua mbele yao kwa sekunde chache, kisha akamwachia kijiti kila aliyetaka kujaribu. Baadaye aliniambia, "Kumbe hii kazi ya mikono yangu ina mwenyewe." Sasa anakuja kusoma, na mara nyingi ananisahihisha kuhusu mimea. Namshukuru sana.

Mhifadhi wetu wa vitabu naye alikuwa na hoja zake, na zote ni za haki. Mwanga unaharibu karatasi na rangi, na madhara yake yanajikusanya bila kurudi nyuma. Ndiyo maana michoro ya rangi ya maji huonyeshwa kwa mwanga hafifu wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa muda mfupi. Rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa shaba inaila karatasi hadi jani lililochorwa linadondoka ukurasani. Baadhi ya majalada ya kijani ya karne ya 19 yana aseniki, sumu kabisa, na hayo hayatoki nje ya mifuko yake mbele ya umma. Utaratibu wa ukurasa mmoja ulimfaa kuliko maonyesho: kitabu halisi kinatolewa kwa muda mfupi, kinalazwa kwenye sponji za kukiegemeza ili mgongo usipasuke, na nakala ndiyo inayozunguka mikononi. Glavu za pamba hatutumii kwa kufunua kurasa, kwa kuwa zinapunguza hisia za vidole na kurasa huchanika. Mikono safi na mikavu inatosha.

Warsha za mikono zilikuja baadaye. Iliyopendwa zaidi ni ya picha za bluu kwa njia ya sainotipu, iliyobuniwa na mwanasayansi John Herschel mwaka 1842. Anna Atkins aliitumia kuanzia mwaka 1843 kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza kupambwa kwa picha zilizotokana na mwanga, na hakutumia kamera. Unapaka karatasi mchanganyiko wa kemikali mbili za chuma mahali penye giza kidogo, unaiacha ikauke, unalaza jani juu yake, unafunika kwa kioo, unaitoa juani dakika chache, kisha unaiosha kwa maji. Palipofunikwa na jani panabaki peupe, kwingine kote panakuwa bluu. Tunaokota majani yaliyoanguka tu, hakuna kuchuma.

Kuchora kwa penseli kunahitaji subira zaidi, na mimi mwenyewe nakupenda kuliko yote. Watu huuliza kwa nini wataalamu bado wanachora wakati kamera zipo. Nawaonyesha bamba moja la Curtis's Botanical Magazine, jarida lililoanza mwaka 1787 na linaloendelea kutoka hadi leo. Mchoraji anaweza kuweka chipukizi, ua, tunda na mbegu iliyopasuliwa kwenye karatasi moja, ingawa porini havionekani siku moja, na anaacha nje kila kinachomchanganya mtazamaji. Baada ya nusu saa ya kuchora jani moja, watu huanza kuniambia mambo ambayo sijawahi kuyaona kwenye jani hilo.

Kwa anayetaka kuanza bila kuwa na vitabu vya kale, Biodiversity Heritage Library, iliyoanza mwaka 2006, imeweka mtandaoni maelfu ya vitabu hivi, na yeyote anaweza kuvisoma bure. Chapa ukurasa mmoja, tafuta mmea wenyewe, na uwe na mtu anayeutunza.

Sasa naandaa kipindi cha bogenvilia. Mmea huo ulipewa jina la nahodha Bougainville, ambaye katika safari yake ya kuizunguka dunia, iliyoanza mwaka 1766, alikuwa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume ili aruhusiwe melini, na anayejulikana kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Mwaka 2012 hatimaye mmea mmoja ulipewa jina lake, Solanum baretiae. Nataka watu waichore bogenvilia kwa karibu wagundue wenyewe kwamba kile cha rangi kali ni majani tu, na ua ni kile kidogo cheupe kilicho katikati. Mzee wa bustani amekubali kuahirisha kuipogoa hadi tumalize.