Benchi Lililokuwa Nje ya Ofisi ya Mshauri Nasaha

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja mjini Kisumu, nilipita mbele ya ofisi ya mshauri nasaha mara tatu bila kuthubutu kuingia. Nilijua kwamba huduma ipo na kwamba haitozwi ada; kilichonishinda ni benchi lililokuwa nje. Ofisi hiyo ilipakana na ofisi ya nidhamu, benchi lilikuwa moja, na yeyote aliyeketi pale alihesabiwa kuwa ama ameiba mtihani ama amerukwa na akili. Miongoni mwetu tunaozungumza Kidholuo, neno lililonong'onwa lilikuwa janeko, yaani mwendawazimu, na neno hilo likishamganda mtu halimbanduki hadi ahitimu.

Niliingia mara ya nne, baada ya kukesha karibu majuma mawili na kukosa jaribio la somo la takwimu. Mshauri, mama wa makamo aliyeniita mwanangu tangu nilipoketi, alinipa fomu iitwayo PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Fomu hiyo ina maswali 9 kuhusu majuma 2 yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, hata mawazo ya kutaka kufa, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 27. Alinieleza kwamba fomu peke yake haitoi jina la ugonjwa, akaniandikia barua ya kumwona daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia. Dawa nilizopewa zilichukua takriban mwezi mmoja kabla sijaona tofauti yoyote; lau nisingeelezwa hivyo mapema, ningeziacha juma la kwanza.

Nilipopata nafuu nilijiunga na waelimishaji rika, na nakiri kwamba tulianza vibaya. Tulibandika mabango yenye neno "sonona", ambalo wenzetu wengi hawakulifahamu, kisha tukaandaa mhadhara ambao wasikilizaji wake walikuwa karibu wote waelimishaji rika wenyewe. Ndipo nilipomsimulia mshauri habari ya benchi. Alishangaa, kwa kuwa yeye aliingia kila asubuhi kwa mlango wa nyuma na hakuwa amewahi kuketi pale.

Tulimwandikia mkuu wa wanafunzi kuomba chumba kingine, tukajibiwa mara mbili kwamba nafasi hakuna. Hatimaye tulipewa stoo iliyo nyuma ya maktaba, ambamo magazeti ya zamani yalikuwa yakirundikwa, tukaisafisha wenyewe. Manufaa yake ni kwamba kila mtu huingia maktabani, hivyo hakuna anayejua fulani amefuata kitabu au amemfuata mshauri. Miadi huombwa kwa ujumbe wa simu, na kila mmoja hupangiwa saa yake ili wawili wasikutane mlangoni. Daftari la miadi, ambalo zamani lilifunga muhula likiwa na kurasa tupu, lilijaa kabla ya mitihani kuanza.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa hofu ya sheria. Wenzetu kadhaa walijua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2, kwa hiyo waliona kulitaja wazo hilo ni kujishtaki. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nasi tangu hapo huianza mikutano yetu kwa habari hiyo, kabla hata ya kutaja usingizi au karo.

Sisi waelimishaji rika tulifundishwa kusikiliza na kutunza siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini; hapo humsindikiza mwenzetu kwa mshauri, au usiku tukapiga pamoja naye nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haina malipo. Kutibu si kazi yetu, na aliyejaribu kuifanya miongoni mwetu aliishia kulemewa yeye mwenyewe.

Kwa sasa mshauri ni yule yule mmoja, na mitihani ikikaribia mtu huweza kungoja majuma matatu kabla ya kuonana naye. Barua ya kuomba mshauri wa pili tuliipeleka juma lililopita.